Funza Wenye Madoa Niliowaandika Wafu

Ninyi mnaoanza kazi ya maabara sasa, na makoti yenu meupe ambayo bado yana mikunjo ya dukani, naomba kwanza mnisikilize kuhusu harufu ya samaki. Msicheke. Maabara yetu ilinuka sangara miaka mingi, na ufundi wangu wote niliupatia humo humo.

Damu ya funza wa pamba haitaki mzaha. Ukimtoboa tu, tone likikutana na hewa linaanza kubadilika rangi, na kabla hujaweka sawa hadubini limeshakuwa jeusi, huoni kitu. Dawa yake ni baridi. Friji yetu ilikuwa mbovu kuliko ilivyokuwa nzima, basi Mzee Magesa, fundi mkuu wa maabara, ambaye alivuka ziwa kila asubuhi kwa kivuko kutoka Kamanga, akishuka tu alipitia kwa wachuuzi wa samaki kuomba barafu. Enzi hizo viwanda vya minofu vilikuwa vinaota kila mahali ufukweni, na barafu ilipatikana kirahisi kuliko umeme. Alifika kazini na mfuko wa nailoni unaodondosha maji yenye magamba. Tulimlaza funza juu ya barafu mpaka alegee, na kioo cha hadubini tulikipoza hapo hapo. Halafu unamchoma kwa sindano nyembamba kwenye mguu mmojawapo wa nyuma, ile minene ya nyama nyama. Usimchome tumboni! Ukimchoma tumboni utatoa matumbo, udhani umeona maajabu, kumbe umeona chakula chake cha jana.

Mimi nilitangaza maajabu ya namna hiyo mara mbili. Mara ya pili Mzee Magesa aliinama kwenye hadubini, akatazama kwa heshima zote, akaniambia, "Hongera, binti. Umegundua dengu."

Maana funza wetu tuliwalisha dengu. Nilisaga dengu, nikazipika kwenye sufuria kama ugali, nikamkatia kila mmoja kipande chake kwenye kikombe chake peke yake, kwa kuwa funza wa vitumba, yaani wa matunda machanga ya pamba, ukiwaweka wawili pamoja, kesho unamkuta mmoja, tena amenenepa. Mume wangu aliwaambia watu wa Mirongo, mtaani kwetu Mwanza mjini, kwamba mke wake analipwa kuwapikia wadudu. Ni kweli, nilikuwa nalipwa kwa hilo. Na walikula vizuri kuliko yeye, nikamwambia hivyo.

Naitwa Kabula. Wadudu sikuwasomea. Nilitokea kwenye pamba. Kwa miaka sita nilikuwa mchambuaji kwenye ghala la ushirika. Mkulima akileta mzigo uliochanganyika, sisi akina mama tunaumwaga juu ya chaga na kuuchambua. Pamba nyeupe isiyo na alama ni safi. Pamba yenye doa, hata likiwa dogo kama mbegu ya nyanya, ni fifi. Hakuna rundo la tatu. Hutafakari, mkono unajua wenyewe. Nilifika mahali nikiandaliwa maharage ugenini nayachambua kwenye sahani mbele ya mwenyeji, mpaka dada yangu akanifinya.

Likaja soko huria. Wanunuzi binafsi wakaingia vijijini na malori, wakanunua pamba yote kwa pamoja, safi na fifi gunia moja. Sasa mchambuaji wa nini? Tukaambiwa asanteni kwa utumishi wenu. Nililia siku mbili, siku ya tatu nikasema, Kabula, machozi hayachemshi maji. Nikasikia kituo cha utafiti wa kilimo kinataka vibarua wa kulisha wadudu, nikaenda. Waliniuliza kama naogopa funza. Niliwajibu kwamba funza ndiye aliyetia doa pamba yote niliyowahi kuitupa, kwa hiyo kama kuna wa kuogopa, ni yeye aniogope mimi.

Mjue pia kwa nini tulikuwa tunawafuga. Soko huria lilileta dawa za kila rangi. Mwenye duka la sukari na chumvi naye akawa anauza dawa ya pamba, na nyingine ilikuwa maji yenye harufu. Mkulima anapulizia, funza anaoga. Mtafiti wetu, ambaye wote tulimwita Daktari tu, alikuwa na ukungu wake. Ukungu, ndiyo, aina ya kuvu inayoshambulia wadudu. Mzee Magesa aliuotesha juu ya wali uliopikwa, ukatoa unga mweupe ambao ni mbegu zake, tukaukoroga kwenye maji. Mbegu ikitua juu ya ngozi ya funza, ikapata unyevu, inaota, inatoboa ngozi na kuingia ndani. Akifa kwa ukungu mwili unakuwa mgumu, mkavu, hauozi. Ukiuweka mahali penye unyevu unafunikwa na manyoya meupe. Akifa analegea na kunuka, huyo ameuawa na jambo lingine, msijisifu.

Kazi yangu ilikuwa kuwachovya funza kwenye yale maji, kuwarudisha vikombeni na kuwaandika. Daftari lilikuwa na safu mbili: wazima na waliokufa.

Siku ya tatu baada ya kuwachovya, funza wengi walitoka madoa meusi mgongoni. Madogo tu. Nikayaona, na mkono ukafanya ulichofundishwa miaka sita kwenye chaga. Mwenye doa, fifi. Niliona ni mgonjwa, anakwenda kufa, nimngoje wa nini? Nikamwandika safu ya waliokufa na kumtumbukiza kwenye ndoo ya jiki. Safi nikabaki nao. Kila Jumatatu nilipeleka karatasi yangu, nimeandika kwa mwandiko mzuri kabisa: tisa kati ya kumi wamekufa.

Daktari alifurahi, jamani! Alinipa mkono. Mimi kibarua wa kupika dengu, nikapewa mkono na mtu mwenye miwani ya dhahabu.

Ndipo akaingia Mama Milembe. Alikuwa mjane wa Kisesa, mrefu, mwenye sauti ya kuita ng'ombe, na shamba lake la pamba lilikuwa ekari mbili. Daktari alitaka mkulima mmoja atakayetumia ukungu peke yake, bila dawa, majirani waone. Wengine walikataa. Mama Milembe alisoma ile karatasi ya tisa kati ya kumi, akauliza, "Nani aliwahesabu?" Daktari akanionyesha mimi. Mama Milembe akanitazama juu mpaka chini, akasema, "Huyu namjua, alikuwa ghalani. Aliwahi kunirudishia nusu gunia kwa madoa. Mtu huyu habahatishi." Akakubali.

Kukubali kwake kulikuwa na uzito. Pale kijijini bomba la kupulizia dawa lilikuwa moja, wanalitumia kwa zamu, na zamu yako ikipita unasubiri mpaka limzunguke kila mtu, wiki tatu nzima. Zamu yake ilipofika, siku chache kabla ya siku tuliyopanga kupulizia ukungu, Mama Milembe aliwaachia wenzake. Na pamba ilikuwa inaanza kutoa vitumba, wakati ule ule ambao funza anaupenda.

Wiki chache kabla ya zamu hiyo kufika, siku moja jiki ilikwisha. Mtunza stoo alikuwa msibani na funguo mfukoni. Basi wale wenye madoa wa siku hiyo sikuwatupa, niliwapanga na vikombe vyao, na dengu zao, kwenye rafu ya nyuma, nikasema nitawamaliza kesho. Kesho yake tukashikwa na maandalizi ya Kisesa, nikawasahau kabisa.

Nilikuja kuwakumbuka wiki kadhaa baadaye, nikifagia. Nikasikia kitu kinapapatika. Nikainua kikombe: nondo, mzima, mabawa yake yote. Kingine: nondo. Kingine pupa, nikamgusa akacheza. Vikombe vilikuwa arobaini. Waliokufa kweli hawakufika kumi.

Nilikaa sakafuni. Niliona ekari mbili za Mama Milembe, na mimi ndiye niliyezitia mdomoni mwa funza. Na siku ya kupulizia ilikuwa kesho kutwa.

Mzee Magesa aliponikuta pale hakupiga kelele. Aliangalia vikombe kimoja kimoja, kisha akasema, "Lete funza mwenye doa. Na lete barafu. Leo uache kugundua dengu, utazame damu."

Nikamchoma mguuni. Damu yake si nyekundu, ni maji maji yenye rangi ya majani kwa mbali. Nikaweka jicho. Mwanzo niliona vidoadoa vinavyoelea, seli za damu. Halafu nikaona bonge. Seli zilikuwa zimejibandika, moja juu ya nyingine, tabaka kwa tabaka, na katikati ya bonge weusi, na ndani ya ule weusi mbegu za ukungu zimekabwa.

"Unaona nini?" akaniuliza.

"Naona sungusungu," nikasema, maana sikuwa na neno lingine. Sisi Wasukuma mwizi akionekana hupigwa mwano, lile yowe la hatari la sungusungu, walinzi wa kijiji, na kila aliyesikia hukimbilia huko huko, wakamzunguka asipate pa kutokea.

Alicheka mpaka akashika meza. "Umesema vizuri kuliko vitabu vyangu. Mbegu ikiwa moja, seli moja inaimeza. Zikiwa nyingi, zinaitana, zinazunguka, zinaminya, halafu zinamwaga ule weusi juu yake mpaka ukungu ukose hewa na chakula. Doa unaloliona nje ni mahali walipopigana, Kabula. Funza mwenye doa dogo lililokauka, na bado anakula, huyo ameshinda. Doa likitambaa na funza ameacha kula, huyo anashindwa. Na wale wako safi wasio na doa lolote? Wengine ukungu haukuwafikia. Wengine umeingia ndani umejificha, unazaliana kwenye damu, na seli haziutambui kuwa ni adui. Hao ndio wanakufa bila alama."

Yaani nilikuwa nawatupa waliopona na kuwahesabu maiti! Na niliowaita safi, humo ndimo mauti yalimokuwa.

"Na mimi nina kosa," akaongeza. "Nilikupa daftari la safu mbili, sikuja hata siku moja kutazama unatupa nini. Sasa, nani atamwambia Daktari?"

"Mimi," nikasema. Niliogopa, msidhani sikuogopa. Mkataba wangu wa kibarua ulikuwa unaisha mwezi ule. Lakini mficha uchi hazai, na mimi nilishaona mwisho wa kuficha.

Daktari alisikiliza akiwa amesimama. Taarifa yake ilikuwa mezani, imeshapigwa chapa, inangoja kwenda kwa wafadhili. Nilipomaliza akaigusa ile taarifa, akasema taratibu, "Kabula, tusikurupuke. Shambani si maabara. Ni ekari mbili tu, tungoje tuone."

"Daktari," nikasema, "hizo mbili ndizo zote alizo nazo."

Mzee Magesa alikohoa nyuma yangu. Daktari akavua miwani, akaifuta, akaivaa. "Nenda kamwambie," akasema. "Ukirudi, sikuahidi kitu kuhusu kazi."

Nikaenda Kisesa siku ile ile. Nilimkuta Mama Milembe anapalilia. Nikapiga goti kumsalimu kama tulivyolelewa, nikasema, "Shikamoo, mama," na alipoitikia marahaba sikuinuka. Nikamweleza yote nikiwa pale pale kwenye udongo. Madoa, ndoo, nondo.

"Ngoja," akasema. "Waliopona ndio uliowaandika wamekufa?"

"Ndiyo, mama."

"Na mimi nimeachia zamu ya bomba kwa karatasi hiyo?"

"Ndiyo, mama."

Alitupa jembe chini. Jamani, nilitukanwa! Nilitukanwa Kisukuma kilichonyooka, matusi mengine sikuwa nimeyasikia tangu bibi yangu afariki. Ilikuwa haki yake. Alipoishiwa pumzi akakaa kwenye tuta, akaniuliza swali moja tu: "Wiki tatu bomba halitanifikia. Kwa wiki tatu funza atanibakizia miti mitupu. Umekuja kulia na mimi, au umekuja na kitu?"

Nilikuwa nimekuja na kitu. Njia nzima nilikuwa nakipika kichwani. Funza niliowachovya mimi walikuwa wakubwa, wenye ngozi nene na damu iliyojaa askari. Funza aliyetoka kwenye yai leo ngozi yake ni laini na askari wake wachache, na Mzee Magesa alikuwa ameniambia ukungu unamshinda upesi. Kwa hiyo tumuwahi mdogo. Mkubwa hatubishani na damu yake, tunamtoa kwa mkono.

"Basi amka," akasema Mama Milembe. "Unapiga goti mpaka lini?"

Nikarudi kituoni asubuhi. Daktari hakunifukuza. Alikuwa ameikata ile taarifa kwa kalamu nyekundu ukurasa hadi ukurasa, uso wake umevimba kama mtu aliyeumwa na nyuki, akanisukumia daftari. "Chora safu ya tatu," akasema. "Andika: waliopona." Kisha akatukabidhi ukungu wote uliokuwepo, na bomba dogo la kituo ambalo halikutosha hata robo ekari kwa mara moja. Ilibidi tulijaze, tulijaze, tulijaze tena.

Sasa vijana, andikeni hili, ni kazi ya kweli. Nondo hutaga juu, kwenye majani machanga ya kileleni. Yai jipya ni jeupe, dogo kuliko punje ya chumvi. Likikaribia kuanguliwa linakuwa la kahawia. Ukiona kahawia, pulizia jioni hiyo, jua likishapoa, maana ukungu unaunguzwa na jua na unapenda umande. Ukipulizia saa sita mchana umewapa mchwa maji ya kunywa. Na usipulizie juu juu, inamisha bomba uingie kileleni, mtoto wa funza hakai muda mrefu nje, akishaingia ndani ya kitumba umemkosa.

Asubuhi tulipita mstari kwa mstari na makopo, tunawatoa wakubwa. Mama Milembe upande huu, mimi upande ule. Nilitoka Mirongo alfajiri, nikirudi kituoni saa nne kupika dengu, jioni niko Kisesa tena. Vidole vilikuwa vyeusi kwa utomvu, mgongo haukunyooka. Siku ya tano Daktari alikuja mwenyewe, akakunja suruali, akaomba kopo. Mama Milembe akampa lenye tundu, makusudi, akamtazama akiokota funza wanaodondokea kwenye kiatu chake.

Kuna siku tulikata tamaa, nisiwafiche. Mvua kubwa ilinyesha usiku ikasafisha tulichopulizia, na asubuhi tukakuta vitumba vimetobolewa mstari mzima. Mama Milembe alisema, "Kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi," akaenda kujaza maji. Nilimfuata kwa aibu, maana mimi ndiye niliyetaka kukaa.

Hatukupata shamba la maonyesho. Pembe ya kuelekea barabarani ililiwa vibaya. Lakini vitumba vilivyobaki vilifunguka, na Mama Milembe alivuna pamba ya kutosha mwaka wake, si zaidi, si pungufu.

Baada ya mavuno Daktari aliitisha kikao cha wakulima pale pale Kisesa. Hakupamba maneno. Alisoma namba mpya, zile za safu tatu, akasema wazi kwamba za mwanzo zilikuwa na kosa, na kwamba ukungu ni kazi, unataka macho na miguu. Akauliza nani atautumia msimu ujao. Watu wanaangalia viatu vyao. Mzee mmoja akasema kwa sauti ya chini kwamba watu wa maabara walishakosea mara moja. Mimi nilikuwa nimekaa nyuma na masanduku ya vifaa, nikatamani ardhi inimeze.

Mama Milembe akasimama. Hakuomba nafasi ya kusema, na kwa sauti ile hakuhitaji.

"Mimi nautumia," akasema. "Dawa za dukani nimezipulizia tangu niolewe. Nyingi zimenidanganya. Niambieni, ni ipi kati yake iliyowahi kuja kwa miguu mpaka shambani kwangu, ikapiga goti, ikaniambia, mama, nimekosea, tufanye nini?"

Kisha yule mzee akainua mkono, na jirani yake, na mwingine, na Daktari akageuka akaniita nije mbele niandike majina.